Asilimia 40 ya Nani? Jibu kuhusu Maswali ya Utoshelevu wa Data kwenye Makundi Yanayoingiliana

Msomaji mmoja anauliza: "Shikamoo mwalimu. Ninajiandaa kwa mtihani wa GMAT, ule wa kuomba nafasi katika vyuo vya uzamili wa biashara, na maswali ya utoshelevu wa data yanayohusu makundi yanayoingiliana yananishinda, hasa yanapokuwa na asilimia. Mfano ni hili: Katika kampuni moja, asilimia 60 ya wafanyakazi hula chakula cha mchana kantini. Je, ni asilimia ngapi ya wafanyakazi hula kantini na pia hupanda basi la kampuni? Kauli (1): Asilimia 40 ya wafanyakazi wanaopanda basi la kampuni hawali kantini. Kauli (2): Asilimia 20 ya wafanyakazi hawali kantini wala hawapandi basi. Nilichagua E kwa sababu idadi ya wafanyakazi haikutajwa popote, lakini kitabu kinasema jibu ni C. Mara nyingi hujikuta ninabahatisha kati ya C na E. Je, ipo kanuni moja ninayoweza kuikariri?"

Marahaba. Kanuni ipo, na karibu kila aliyesoma seti sekondari amewahi kukutana nayo: jumla ya wote ni kundi la kwanza, ongeza kundi la pili, toa waliomo katika makundi yote mawili, kisha ongeza wasiokuwamo katika kundi lolote. Hata hivyo, nina hakika kwamba kanuni hiyo unaijua, na kwamba hukukosa swali hili kwa kuisahau. Ulilikosa kwa sababu hukujiuliza kila asilimia iliyotajwa inahesabiwa juu ya watu gani, na hukutazama kama swali linataka idadi ya watu au linataka asilimia. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua sehemu kubwa ya maswali ya aina hii, kwa hiyo nitakaa nayo kwa muda.

Kwa wale wasioujua mtihani wenyewe, swali la utoshelevu wa data halikuombi jibu. Linakuuliza kama taarifa ulizopewa zinatosha kulipata jibu. Unachagua A iwapo kauli ya kwanza peke yake inatosha na ya pili peke yake haitoshi, B iwapo ni kinyume chake, C iwapo hakuna inayotosha peke yake lakini zikiunganishwa zinatosha, D iwapo kila moja inatosha peke yake, na E iwapo hata zikiunganishwa hazitoshi. Tangu toleo jipya la mtihani lilipoanza mwezi Novemba 2023, maswali haya yamehamishiwa katika sehemu ya uchambuzi wa data, yenye maswali 20 kwa dakika 45, yaani dakika mbili na robo kwa kila swali. Sehemu hiyo inaruhusu kikokotoo cha kwenye skrini. Kwa maswali ya makundi ningekushauri ukisahau kabisa, maana anayekigusa huwa tayari ameanza kutafuta jibu ambalo hakuna aliyemwomba.

Turudi kantini. Ulisema kwamba bila idadi ya wafanyakazi hakuna kinachoweza kupatikana. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama swali lingeuliza ni wafanyakazi wangapi wanaokula kantini na kupanda basi. Lakini swali limeuliza ni asilimia ngapi, na asilimia ya kampuni yenye watu 50 haina tofauti na ya kampuni yenye watu 5,000 ikiwa migawanyo ya ndani ni ileile. Kwa sababu hiyo una ruhusa kamili ya kusema kwamba wafanyakazi ni 100. Jumla haijakosekana, umeitengeneza mwenyewe, na kwa haki.

Sasa chora jedwali. Weka mistari miwili, mmoja wa wanaokula kantini na mwingine wa wasiokula. Weka safu mbili, moja ya wanaopanda basi na nyingine ya wasiopanda. Kisha acha nafasi ya jumla pembeni na chini. Kona ya chini kulia andika 100. Mwisho wa mstari wa kantini andika 60, na hapo chini yake 40 inajileta yenyewe. Vimebaki visanduku vinne vya katikati, na swali linaulizia kimoja tu, kile cha wanaokula na kupanda.

Chukua kauli (1) peke yake. Inasema kwamba asilimia 40 ya wapanda basi hawali kantini, lakini wapanda basi wenyewe ni wangapi kati ya wale 100? Wakiwa 10, wanne hawali kantini na sita wanakula, kwa hiyo kisanduku chetu kina 6. Wakiwa 50, ishirini hawali na thelathini wanakula, na kisanduku kina 30. Majibu mawili tofauti, yote yakiwezekana, yanatosha kuiangusha kauli. Chukua kauli (2) peke yake, ukiwa umefuta jedwali na kubakiza yale tu yaliyotolewa na swali. Wasiokula wala kupanda ni 20. Kwa kuwa wasiokula wote ni 40, wanaopanda basi bila kula kantini ni 20 waliobaki. Ni taarifa nzuri, lakini haigusi mstari wa juu, ambako wale 60 wa kantini wanaweza kupanda basi wote au asipande hata mmoja. Kauli hiyo nayo imeanguka. Ziunganishe: wale 20 wanaopanda basi bila kula ndio asilimia 40 ya wapanda basi, basi wapanda basi wote ni 50, na wanaofanya yote mawili ni 30. Jibu ni C, kama kitabu kilivyosema.

Ninapendelea jedwali kuliko mviringo miwili inayokatana, ile ambayo John Venn aliieleza mwaka 1880 na ambayo bado hufundishwa shuleni, kwa sababu moja ya kiutendaji. Katika mviringo, wasiokuwamo popote huwa nje ya mchoro, na mwanafunzi akiwa na haraka huwasahau. Katika jedwali wana kisanduku chao chenye ukubwa sawa na vingine, kinachokukodolea macho mpaka ukijaze. Mviringo ninauacha kwa makundi matatu, ambako jedwali la kawaida halifai.

Jedwali pia linakupa njia ya kupima hali kabla ya kuhesabu. Jumla ikiwa ni 100, visanduku vinne vya ndani vina vitatu tu visivyojulikana, kwa sababu cha nne ni masalio. Kila taarifa mpya yenye kujitegemea hupunguza kimoja. Swali lako lilitoa moja (60), kwa hiyo vilibaki viwili, na kila kauli iliondoa kimoja. Mwenye uzoefu huona hivyo ndani ya sekunde chache na kusema kwamba C inaelekea kuwa jibu. Nimesema inaelekea, kwa makusudi kabisa, kwa sababu hesabu hii ya visivyojulikana ina njia mbili za kukudanganya, na watunga mtihani wanazijua zote mbili.

Njia ya kwanza ni kauli mbili zenye maana moja zilizovishwa nguo tofauti. Fikiria shule ambayo baadhi ya wanafunzi wanasoma Kifaransa na baadhi Kiarabu, na swali linauliza ni asilimia ngapi ya wanafunzi wote wanasoma lugha zote mbili. Kauli (1) inasema kwamba wanaosoma lugha zote mbili ni nusu ya wanaosoma Kiarabu pekee. Kauli (2) inasema kwamba theluthi mbili ya wanaosoma Kiarabu hawasomi Kifaransa. Zisome tena polepole. Ikiwa wanaosoma zote mbili ni sehemu moja na wa Kiarabu pekee ni sehemu mbili, basi Kiarabu kizima ni sehemu tatu, na theluthi mbili zake ndizo zisizosoma Kifaransa. Kauli ya pili haijaongeza chochote. Hapa ndipo penye uhondo: jibu linategemea kile swali lilichotoa mwanzoni. Kama swali lilisema kwamba asilimia 45 ya wanafunzi wanasoma Kiarabu, kila kauli peke yake inatoa theluthi moja ya 45, yaani 15, na jibu ni D. Kama swali lilisema kwamba asilimia 45 wanasoma Kifaransa, ukubwa wa kundi la Kiarabu haujulikani kabisa, na jibu ni E. Lakini kwa hali yoyote ile jibu haliwezi kuwa C, kwa sababu kauli ambayo haikutosha haiwezi kutosha kwa kurudiwa. Wewe unayebahatisha kati ya C na E, anza na hilo: kabla ya kuandika C, hakikisha kwamba kauli ya pili imeleta kitu ambacho ya kwanza haikuwa nacho.

Njia ya pili ya kudanganywa ni kinyume chake, yaani pale taarifa chache zinapotosha ingawa visanduku vingi vimebaki vitupu. Chukua chama cha ushirika ambacho wanachama wake hulima kahawa, au migomba, au vyote viwili kama ilivyo kawaida Kagera na Kilimanjaro, au hawalimi hata kimoja. Swali: wanaolima kahawa pekee wanawazidi wanaolima migomba pekee kwa asilimia ngapi ya wanachama wote? Kauli (1): wote wanaolima kahawa wanawazidi wote wanaolima migomba kwa asilimia 18 ya wanachama wote. Kauli (2): asilimia 20 ya wanachama hawalimi kahawa wala migomba. Anayehesabu visivyojulikana ataona vitatu dhidi ya kauli mbili na kukimbilia E. Lakini wanaolima vyote viwili wamo ndani ya kahawa na wamo ndani ya migomba, idadi ileile pande zote, kwa hiyo unapotoa kundi moja kutoka jingine wanafutana. Tofauti ya "pekee" kwa "pekee" ni sawa na tofauti ya jumla kwa jumla: ni 18, na jibu ni A. Ndiyo maana ninasisitiza uandike kwa herufi kile kinachoulizwa kabla hujazitazama kauli. Swali linapouliza tofauti, jumla au uwiano, huenda halihitaji kujua kisanduku chochote kimoja kimoja.

Sasa nije kwenye neno ambalo nimeona likiwaangusha wanafunzi wengi kuliko hesabu yenyewe, nalo ni "ya". Katika "asilimia 40 ya wafanyakazi wanaopanda basi hawali kantini", msingi ni wapanda basi. Katika "asilimia 40 ya wafanyakazi wanapanda basi na hawali kantini", msingi ni wafanyakazi wote. Maneno karibu ni yaleyale, lakini ya kwanza ni uwiano kati ya visanduku viwili visivyojulikana, na ya pili ni namba kamili unayoweza kuiandika papo hapo kwenye jedwali. Kiingereza cha mtihani hupenda kutanguliza msingi mwanzoni mwa sentensi, kikalitaja kundi, kikaweka koma, ndipo kikataja asilimia. Msomaji mwenye haraka hudaka namba na kuliacha kundi nyuma. Nawashauri wanafunzi wangu wasiandike 40% peke yake hata siku moja. Andika 0.4B, ambapo B ni wapanda basi wote, na jedwali litakukumbusha lenyewe kwamba B bado haijulikani.

Kuna suala la idadi halisi. Iwapo swali linauliza ni watu wangapi na kila ulichopewa ni asilimia, kwa kawaida hutapata idadi, kwa sababu unaweza kuzidisha kila kisanduku kwa mbili na asilimia zote zikabaki zilivyo. Idadi moja tu ya watu, ya kisanduku chochote ambacho asilimia yake inajulikana, inalifungua jedwali zima. Hata hivyo watu hawakatwi vipande, na mtunzi mjanja hulitumia hilo. Tazama: darasa lina wanafunzi wasiozidi 50; je, ni wangapi? Kauli (1): asilimia 37.5 ya wanafunzi wanasoma Kifaransa. Kauli (2): asilimia 20 ya wanaosoma Kifaransa wanasoma na Kiarabu pia. Asilimia 37.5 ni tatu ya nane, kwa hiyo idadi ya wanafunzi lazima igawanyike kwa 8: ni 8, 16, 24, 32, 40 au 48. Kauli (2) peke yake inasema tu kwamba wa Kifaransa wanagawanyika kwa 5. Ukiziunganisha, wa Kifaransa ni tatu ya nane ya darasa na pia ni kigawe cha 5. Kwa kuwa 3 haina 5 ndani yake, moja ya nane ya darasa ndiyo inayopaswa kugawanyika kwa 5, na darasa lote linagawanyika kwa 40. Chini ya mpaka wa 50 ipo 40 tu. Jibu ni C, bila idadi yoyote ya kundi kutajwa. Mpaka ungekuwa 100, ingekuwepo na 80, na jibu lingegeuka kuwa E. Kwa hiyo ukiona swali la idadi limeweka mpaka ambao unaonekana hauna kazi, simama. Mpaka huo haukuwekwa kama pambo.

Maswali ya ndiyo au hapana yanahitaji tabia nyingine, kwa sababu hapo huna haja ya thamani moja. Unahitaji tu thamani zote zinazowezekana ziwe upande mmoja. Tuseme asilimia 70 ya wakazi wa mtaa wana redio, na swali linauliza kama wenye redio na televisheni ni zaidi ya asilimia 30 ya wakazi. Kauli (1): asilimia 65 wana televisheni. Hujui wenye vyote viwili ni wangapi, lakini 70 na 65 ni 135, na mtaa una 100 tu, hivyo angalau 35 wamehesabiwa mara mbili. Wanaweza kuwa 35, wanaweza kufika 65, na kote huko jibu ni ndiyo. Kauli hiyo inatosha. Kauli (2): asilimia 12 hawana redio wala televisheni. Hapo wenye televisheni pekee ni 18, lakini wenye vyote viwili wanaweza kuwa popote kati ya 0 na 70, kwa hiyo haitoshi, na jibu ni A. Kumbuka pia kwamba "hapana" ya uhakika ni utoshelevu kamili kama "ndiyo". Kisichotosha ni "huenda".

Makundi matatu nitayapitia kwa haraka, kwani tatizo lake kubwa ni maneno tu. "Hasa mawili", yaani mawili tu bila kuzidi, si "angalau mawili". Jumla ya makundi matatu ikiwa 130 kwa kila watu 100, hakuna aliye nje, na waliomo katika yote matatu ni 5, basi walio katika hasa mawili ni 20, kwa sababu kila mmoja wao amehesabiwa mara moja zaidi na kila mmoja wa wale 5 amehesabiwa mara mbili zaidi; walio katika angalau mawili ni 25. Anayesoma neno moja kwa maana ya jingine hupata jibu safi lisilo sahihi.

Jambo moja la kukulinda: katika mtihani huu kauli mbili hazipingani. Ukipata kwamba kauli (1) inatoa asilimia 30 na kauli (2) peke yake inatoa 24, usiandike D ukaendelea. Mojawapo umeisoma vibaya, na nakuhakikishia kwamba mara nyingi kosa litakuwa kwenye ile "ya". Na unapohamia kauli (2), funika ya kwanza kwa mkono ikibidi. Wengi huandika C mahali pa B, au B mahali pa C, kwa kuwa namba ya kauli ya kwanza ilibaki kwenye jedwali bila wao kujua.

Nakuachia swali lako mwenyewe nikiwa nimelibadilisha mahali pamoja. Acha asilimia 60 za kantini, acha kauli (2) kama ilivyo, lakini kauli (1) sasa iseme: asilimia 50 ya wafanyakazi wasiokula kantini wanapanda basi. Msingi umehama kutoka wapanda basi kwenda wasiokula, na wasiokula tunawajua: ni 40. Nusu yao ni 20, kwa hiyo wasiokula wala kupanda ni 20 vilevile, na hivyo ndivyo kauli (2) ilivyokwisha kusema. Kauli mbili zimekuwa moja, mstari wa juu haukuguswa na yeyote, na jibu ni E. Hapo ungekuwa umelipata swali, ingawa kwa sababu ile uliyoniandikia, ya kukosekana kwa idadi ya wafanyakazi, bado ningekukosoa.